Mtoto Niliyemwambia Akae Chini

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali unisome mpaka mwisho, maana jambo hili nikikatizwa katikati sitaweza kulianza tena. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Sumbawanga, naishi Kizwite, nina mume na watoto watatu, na mama yangu mzazi ninaishi naye tangu baba afariki. Nafundisha historia darasa la sita na la saba, huu ni karibu mwaka wa kumi, na watu wanasema ninaifundisha vizuri, wanafunzi wangu wanafaulu na wazazi wananishukuru, lakini mshauri, kipindi cha historia kikikaribia tumbo linanikata, viganja vinatoka jasho hata mwezi wa sita ambapo baridi ya huku kwetu inawafanya watoto waje shule wamejifunga mashuka, na nikishika chaki naona kama ni mkono wa mtu mwingine unaoandika ubaoni.

Kisa ni mada moja tu. Tukifika kwenye historia ya nchi baada ya uhuru tunafundisha habari za vijiji vya ujamaa, na maelezo tunayotumia shuleni kwetu yanasema wananchi walielimishwa, wakaelewa, wakahamia vijijini kwa hiari na kwa furaha. Jibu linalotakiwa ni hilo, hiari, mtoto akiandika kingine anakosa. Mimi mwaka wa sabini na nne nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwepo.

Kijiji chetu cha zamani kilikuwa bondeni, upande wa kuelekea Matai, siku hizi ni mahame yenye nyasi ndefu na miti ya matunda isiyo na mwenyewe. Viongozi walikuja kutuhutubia na wako waliohama wenyewe, sitaki kuongeza chumvi, wengine walitaka maji na zahanati na walikuwa na haki ya kutaka, na baba yangu hakukataa, aliomba tu asubiriwe mpaka mvua zipite kwa sababu mama alikuwa ametoka kujifungua mdogo wangu Tadei. Hakusubiriwa. Mgambo walikuja asubuhi wakaamuru vyombo vitolewe nje, wakaezua nyumba, kisha wakatia moto ili tusipate pa kurudi, na kwa jirani hivyo hivyo, na vihenge vyetu vikaungua na ulezi wote ndani, nasi watoto tumesimama tunatazama mwaka mzima wa chakula ukiwaka. Tulipelekwa kando ya barabara tukaonyeshwa vigingi, tukaambiwa hapa ndipo kwenu. Nyumba hakuna, nyasi na vigingi. Baba akatujengea kibanda cha mabua ya mahindi na mvua za kwanza zikatukuta humo, na wewe kama umewahi kufika Ufipa unajua mvua ya huku inavyokuja na upepo. Tadei alikohoa, halafu akaacha kukohoa. Mama hakulia mbele yetu, alimfunga mgongoni akaendelea kutembea naye akizunguka kile kibanda, mpaka wanawake wenzake walipokuja kumfungua.

Aliyewaongoza mgambo wale alikuwa katibu wa kata, anaitwa Baltazari. Leo ni mzee wa heshima zake pale Majengo, ana mashine ya kusaga na lori, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule yetu. Watoto wangu wanapeleka mahindi kwenye mashine yake, wanamwamkia shikamoo babu, naye anawaongezea kibaba cha unga. Mama yangu anampa mkono wa amani kanisani. Sijawahi kumsikia mama akilitaja jina la Tadei tangu nikiwa mtoto, wala mimi sijawahi kuthubutu.

Miaka yote hii niliweza kwa sababu nilijifunza kuipita mada hiyo haraka, nawaandikia ubaoni wananakili, nafuta, tunakwenda kwenye mada inayofuata, na jioni nyumbani nakuwa mkali bila sababu, nawapiga watoto kwa kosa la kumwaga maji. Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba nchi yenyewe imeshabadilika, vyama ni vingi, biashara ni huria, mume wangu Eustace alipunguzwa kazi shirika lao la umma lilipouzwa na sasa anauza mitumba Majengo, na huko sokoni watu wanasema wazi habari za kuchomewa nyumba, wanasema na kucheka, hakuna anayegeuka nyuma kutazama nani anasikiliza, nami nikipita nawasikia, halafu kesho yake naingia darasani kusema hiari. Huko nje kila mtu ameruhusiwa kukumbuka isipokuwa mimi nikiwa na chaki mkononi.

Sasa mwaka huu mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Dominiko, alitoa wazo kwamba darasa la saba waalikiwe mzee wa kuwasimulia historia kwa mdomo wake, akamwalika Mzee Baltazari, na mimi kama mwalimu wa somo nikaagizwa kuandaa darasa. Nilipanga madawati, nikaweka kiti mbele. Mzee alikuja na koti lake na fimbo, akasimulia vizuri sana, mshauri, ana kipaji, akasema watu walihama kwa nyimbo, wanawake wanapiga vigelegele, wanaume wamebeba paa za nyumba zao vichwani, na watoto walikuwa wanacheka. Mimi nimesimama nyuma nimeegemea ukuta.

Kuna msichana anaitwa Debora, mpole, wa tatu kwa maksi darasani, analelewa na bibi yake. Akanyoosha mkono. Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu. Bibi yangu ameniambia nyumba zilichomwa moto na kuna watoto walikufa kwa mvua."

Mzee hakukasirika, alitabasamu, akageuka akanitazama mimi kule nyuma. "Mwalimu, hebu mweleze mtoto ukweli."

Mwalimu mkuu naye alikuwa mlangoni. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Debora, kaa chini. Watu walihama kwa hiari. Bibi yako ni mzee, amechanganya mambo."

Akakaa. Wenzake wakacheka, Mzee akaendelea. Hakuna aliyenilazimisha kusema yale ya bibi kuchanganya mambo, mshauri, hayo niliyaongeza mwenyewe.

Tangu siku ile watoto wakawa wanamwita Debora mjukuu wa muongo, wanamwimbia njiani, na mimi nilisikia nikajifanya sikusikia. Baada ya muda akaacha kuja shule. Nikajiambia anaumwa. Jumapili moja baada ya misa nikaona bibi mmoja anaingia uani kwetu, amejifunga kitenge kifuani, miguu ina vumbi la kutoka mbali, mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage na mimi nafua. Nikapiga magoti nikamwamkia. Alikuwa Bibi Luciana, bibi yake Debora. Mimi sikumtambua, lakini mama alipomwona ungo ulimponyoka maharage yakamwagika yote.

Bibi akasema, "Mwanangu, sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza, maana wewe umesoma. Kama hatukulazimishwa, yule mtoto tuliyemzika mimi na mama yako alikufa kwa kitu gani?"

Alikuwa mmoja wa wale wanawake waliomfungua Tadei mgongoni kwa mama. Mimi kumbe nimemwita muongo mtu aliyemwosha mdogo wangu.

Mama alisimama akaingia ndani akafunga mlango. Bibi Luciana akaokota maharage yetu moja moja akayarudisha kwenye ungo, kisha akaniambia haja yake. Haombi fidia wala hataki Mzee Baltazari aaibishwe, anaomba tu nisimame mbele ya darasa lile lile niseme kwamba Debora hakusema uongo. Basi. Asipopata hilo mtoto hataki kurudi, na mjomba wake wa Matai ameshasema atamchukua akasaidie kwenye mgahawa, na mtihani wa darasa la saba hauko mbali.

Nilikwenda kwa Mwalimu Dominiko nikamweleza, si kwa ukali, nikamweleza mpaka habari za Tadei. Alinisikiliza, nadhani alinihurumia, lakini akasema shule si mahali pa kufukua makaburi, mwenyekiti wa kamati ndiye aliyetuletea mabati ya darasa jipya, na kama nitaingiza siasa darasani ataandika ofisi ya elimu na mimi ninajua jinsi watumishi wanavyopunguzwa siku hizi. Mume wangu naye akaniambia ukweli hauliwi na ugali, tunakula mshahara wako, mimi mitumba yangu siku nyingine narudi nayo yote kichwani. Sikumlaumu, anasema kweli. Na mama, usiku ule aliniambia maneno machache tu, "Usiniingize. Wewe kaa na kazi yako, mimi nikae na langu."

Kwa hiyo kila ninakogeuka kuna mtu ninayemuumiza. Nikisema, namfukua mama na kuwanyima wanangu chakula. Nikinyamaza, Debora anakwenda kuosha vyombo Matai. Kanisani sikomuniki tena, nakaa benchi la nyuma na wenzangu wakienda mbele nainamisha kichwa. Darasani sauti inanikauka. Juzi niliandika tarehe ubaoni nikashindwa kuendelea, nikawaambia watoto wasome kimya, nikatoka nikaenda kutapika nyuma ya choo cha walimu. Nimefikiria kuacha kazi. Naomba uniambie, mshauri, niache kazi, niseme, au niendelee kama nilivyokuwa mpaka nizoee, maana wako wanaosema mtu huzoea.

Ni mimi,
Mwalimu E., Kizwite, Sumbawanga

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, barua yako nilikujibu kwanza kwa posta, kwa sababu mtoto anayesubiri mtihani hawezi kusubiri zamu ya gazeti. Umeniruhusu kuichapa, na haya ndiyo niliyokuandikia.

Pole kwa Tadei. Naanza na yeye kwa sababu naona katika miaka yote hiyo hakuna aliyekupa pole. Ulikuwa na miaka tisa, ukamwona mdogo wako anakufa kwa baridi, kisha ukapewa kazi ya kuwaeleza watoto wengine kwamba haikutokea. Tumbo linalokukata si ugonjwa wala si uchawi, usiende kwa mganga. Ni mwili wako unakataa kile mdomo wako umekubali. Na hao wanaokuambia utazoea, waulize wao wamezoea nini.

Pole imeisha. Sasa nakugombeza.

Umeniandikia kurasa nyingi za uchungu wako na mistari michache ya Debora. Unasema sauti inakukauka. Yake ilikauka kwanza, na wewe ndiye uliyeikausha. Yule mzee alikuuliza mbele ya watu, akasema mweleze mtoto ukweli. Alikufungulia mlango bila kujua, nawe ukaufunga, tena ukaongeza komeo kwa kusema bibi amechanganya mambo. Kisha ukasikia mtoto anaimbiwa njiani ukajifanya kiziwi. Mwalimu mkuu hakukuagiza uwe kiziwi. Kitabu hakikukuagiza. Hilo ni lako, na kwa kuwa ni lako, unaweza kulirekebisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Unaniuliza kama uache kazi. Usiache. Ukiondoka, kipindi chako atapewa mtu ambaye hakuwepo, na yeye hatatapika nyuma ya choo, atasema hiari na kwenda kunywa chai. Watoto wa Sumbawanga watakuwa wamepata nini? Na Eustace usimwite mwoga, umesema mwenyewe humlaumu, endelea hivyo. Mwambie unachokwenda kufanya kabla ya kukifanya. Mume anayekula mshahara wako ana haki ya kujua siku unapouweka rehani.

Sasa sikiliza la kufanya. Kwanza nenda kwa Bibi Luciana, mchana, kwa miguu yako, kama yeye alivyokuja kwako. Usiende na zawadi, ataona unamnunua. Mwombe radhi, na umwombe Debora radhi mbele ya bibi yake. Ndiyo, mtu mzima unamwomba mtoto radhi. Magoti uliyompigia bibi siku ile uani yalikuwa desturi. Safari hii yawe na maana.

Kisha rudi darasani. Ulimkalisha mbele ya wenzake, kwa hiyo kumwambia pembeni hakutoshi. Simama ulipozoea kusimama, waambie darasa la saba kwamba Debora alisema kweli na wewe ulisema uongo, kwamba nyumba zilichomwa huko kwenu na wewe ulikuwepo ukaona. Waambie pia kwamba wako waliohama kwa kupenda, maana umeniandikia hivyo na ni kweli. Waambie wewe mwenyewe ulimaliza shule iliyojengwa katika kijiji kile kipya. Hukuniandikia hilo, nimelibahatisha, na kama nimekosea nisahihishe. Usiuondoe uongo wa mzee mmoja ukaingiza wa kwako wa upande wa pili. Kilichotokea kilikuwa na maji ya bomba na kilikuwa na kaburi la mtoto, na anayetaja kimoja tu bado hajafundisha.

Halafu waambie na hili: kwenye mtihani jibu linalotakiwa ni lile lile, wachague lile wapate maksi yao. Najua linakuchoma. Lakini anayesahihisha hamjui Debora, na wewe huna haki ya kulipia dhamiri yako kwa maksi za watoto wa wenzio. Mtoto wa darasa la saba ana akili ya kutosha kujua kwamba kuna jibu na kuna yaliyotokea. Anajua tangu siku ya kwanza alipoulizwa nyumbani nani kala sukari.

Kama shule yenu inakaribisha wazee kusimulia, basi Bibi Luciana naye ni mzee. Mwalike. Mwalimu mkuu atasema nini, kwamba mzee ni yule mwenye lori tu? Mwambie kwa heshima, mbele ya walimu wenzako, ili asikujibu peke yenu ofisini.

Mzee Baltazari mwache. Usiende kumdai toba. Mtu wa umri ule ukimdai toba atakupa hasira, na hasira yake ina mabati. Kama moyo unauma, peleka mahindi mashine nyingine.

Na mama yako. Hapa ndipo ninapoona hofu yako halisi, humwogopi mwalimu mkuu nusu ya unavyomwogopa mama. Amekuambia usimwingize. Basi usimwingize. Usitaje jina lake darasani, wala usitaje jina la Tadei, sema mdogo wangu, hicho ni chako kama kilivyo chake. Lakini mwambie usiku kabla, kwamba kesho utasema. Usimwombe ruhusa. Mpe taarifa, kisha unyamaze.

Hayo ndiyo niliyokuandikia. Wasomaji, mwalimu ameniandikia tena, na ninawapa habari kwa sababu mara nyingi mnaniuliza watu wanaishia wapi.

Alikwenda kwa Bibi Luciana. Debora alikataa kumtazama usoni, na bibi hakumlazimisha. Kisha mwalimu alisema darasani. Anasema watoto hawakucheka wala hawakuuliza kitu, isipokuwa mmoja, kijana wa kabila la wafugaji waliohamia huku juzi juzi tu, aitwaye Masalu, aliuliza kama na wao walipofukuzwa malishoni itakuja kuandikwa kwamba walihama kwa hiari. Mwalimu alishindwa kumjibu, na aliwaambia kwamba ameshindwa. Bibi Luciana hakuruhusiwa kuja kusimulia. Debora alirudi baada ya wiki kadhaa, amekaa dawati la mwisho, amefanya mtihani wake. Hamwamkii mwalimu mpaka leo.

Mwalimu Dominiko aliandika ofisini kama alivyosema. Mwalimu wetu hawakumfukuza, wamemhamisha kwenda shule ya mbali chini kule ziwani, ambako lori hufika likipenda. Mume anabaki Majengo na meza yake ya mitumba.

Na kabla ya barua ya uhamisho, Mzee Baltazari alimkuta njiani akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Na mimi niliagizwa, mwalimu." Kisha akapita. Mwalimu ananiandikia kwamba hilo limemsumbua kuliko uhamisho, kwa sababu ndivyo na yeye alivyokuwa akijiambia miaka yote, na anauliza kama yeye na mzee yule wana tofauti gani.

Ipo, mwalimu, ila ni ndogo, na usijivunie. Yeye amekuambia wewe, njiani, hakuna mtu anayesikia. Wewe ulisema mbele ya wale uliowadanganya. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Tumbo lako, umesema, bado linakukata siku nyingine. Litakata kwa muda. Nenda zahanati ukapimwe pia, isije ikawa ni vidonda na wewe unadhani ni dhamiri.

Unaniuliza kama ukate rufaa ya uhamisho. Usikate. Utaipoteza, na ukiipoteza utakuwa umewaonyesha kwamba umeumia. Nenda na watoto wawili wadogo, mkubwa abaki na baba yake amalize mwaka. Chukua vyandarua, ziwani si kama kwenu, mbu wapo. Ungama ukomunike Jumapili hii kabla hujaondoka, padre yupo kwa kazi hiyo.

Mama yako umesema tangu siku ile hajakusemesha zaidi ya salamu, lakini amekwishafunga mzigo wake na ameuweka karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia aje. Basi mpakie, mpe kiti cha mbele karibu na dereva, usimuulize kwa nini. Atanyamaza Matai, atanyamaza mteremko wote, anaweza kunyamaza mwaka mzima. Na siku atakayoanza kusema, iwe shambani au jikoni, weka chini unachofanya, kaa karibu naye, na hata akikosea mwaka, akikosea jina la kijiji, wewe mwalimu wa historia usimsahihishe.